Siku Niliyoficha Vigari vya Kijiji Kizima

Katika kijiji chetu cha Miaojia wapo waliosifika kwa vitunguu saumu, wapo waliosifika kwa watoto waliofika chuo kikuu, na nipo mimi, Geng Fengqin, niliyesifika kwa kuficha vigari arobaini na saba kabla ya saa mbili asubuhi. Sijivuni. Au tuseme kweli: nilijivuna, kwa muda wa wiki tatu, kisha nikakoma.

Nina miaka sabini na minne. Nilisoma hadi darasa la tano, na wanawake wa rika langu hapa kijijini waliofika darasa hilo tulikuwa wawili, na yule mwenzangu ameshafariki. Kwa hiyo likibandikwa tangazo, wazee hawalisomi. Wananingoja mimi. Nami huwa sifiki upesi. Nawaacha wangoje kidogo, ili wajue thamani ya elimu.

Kigari changu ni chekundu, kina milango miwili, viti vitatu, na usukani mdogo kama sahani ya chai. Watu huku wanaviita vigari hivi "furaha ya wazee." Hakikimbii. Mbwa wa shemeji yangu Changgui hukipita bila haraka, kisha husimama mbele akanisubiri. Nakichaji kwa waya unaopita dirisha la jikoni, na kikianza kula umeme, sufuria ya wali ya umeme lazima ipumzike.

Sikukinunua kwa anasa. Mdogo wangu Fengzhi, ambaye tuliolewa naye katika ukoo mmoja na nyumba zetu zinashirikiana ukuta, figo zake ziligoma miaka mitatu iliyopita. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima saa tatu kamili asubuhi awe hospitali ya mji wa Huaishu, alale pale kwa muda wa saa nne huku mashine ikimsafisha damu. Mashine ina foleni yake. Ukichelewa saa moja umepoteza saa moja, maana kitanda kina mwenyewe anayekingoja mlangoni. Basi hupita njia kuu mara mbili tu kwa siku, na mtu aliyetoka kwenye ile mashine miguu humtetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Huwezi kumwambia atembee hadi kituoni. Mumewe hayupo tena, mwanawe anafanya kazi bandarini Qingdao. Nipo mimi, na kigari chekundu.

Basi. Msimu ule mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelundikwa kila kona, likabandikwa tangazo mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wetu, Dekui, ambaye ni mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa amekwenda mji wa Jinan kumwuguza mkwewe. Nikafika, watu wakanipisha, nikakohoa.

"Jumatano ijayo," nikasoma kwa sauti, "kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ofisi ya mipango ya barabara itahesabu vigari vyote vya umeme vya mwendo wa polepole vinavyopita njia panda ya Miaojia."

Chini yake kulikuwa na maandishi mengine, madogo kama mchwa waliopangwa mstari. Miwani nilikuwa nimeiacha juu ya friji.

"Na hapo chini pamesemaje, shemeji?" akauliza Changgui. Huyu ni binamu wa marehemu mume wangu, mzee mwenye meno sita na maneno elfu sita.

"Hapo chini ni mihuri na salamu za serikali."

"Salamu ndefu hizo!"

"Serikali ina adabu kuliko wewe."

Watu wakacheka, nami nikafurahi. Lakini moyoni nilikuwa nimeshashtuka, na kilichonishtua ni neno moja: watahesabu. Mwaka wa hamsini na nane nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Walikuja watu wawili na daftari, wapole kabisa, wakahesabu masufuria ya chuma nyumba kwa nyumba. Mama akawapa maji ya moto wanywe. Wiki iliyofuata walirudi na mkokoteni, masufuria yote yakaenda kuyeyushwa yawe chuma cha serikali. Letu moja lilibaki, kwa sababu Mama alilizika ndani ya lundo la samadi, na tulilipikia miaka minane. Miaka ya sabini nikiwa mke wa mtu, wakaja kuhesabu kuku. Kila nyumba ilikuwa na ruhusa ya kuku watatu. Wa nne alikuwa mhalifu. Wangu wa nne aliishi kabatini, akataga juu ya koti la harusi la mume wangu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuona ung'ongo, niliona joka zima na daftari mkononi. Nikapanda ngazi ya ofisi.

"Sikilizeni. Kitu kikihesabiwa, kimekwenda. Hawa Jumatano watahesabu, Jumatano ya pili watakuja na lori. Mnataka kwenda sokoni kwa mgongo wa nani?"

"Lakini shemeji," Changgui akasema, "siku hizi si kama zamani."

"Zamani nayo walisema si kama zamani."

Hilo likawamaliza. Hata mimi nililipenda, nikalirudia mara mbili njiani nikirudi nyumbani.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi nilizunguka kijiji kizima kama jemadari. Vigari kumi na viwili tulivifunika mabua shambani. Vitano vikaingia chini ya turubai la harusi ya watu ambao harusi yao ilikuwa imeshapita. Kimoja kiliwekwa zizini, nguruwe akakitafuna nyaya. Changgui alikiingiza chake sebuleni, akakifunika shuka nyeupe na kukiwekea shada la maua, hata jirani mmoja aliyechungulia dirishani akaanza kulia kabla hajauliza nani amekufa. Saa mbili kasoro, Miaojia haikuwa na gurudumu.

Kisha nikakumbuka kwamba Jumatano ni siku ya Fengzhi.

Hapo mtu mwenye akili angepita njia kuu, ahesabiwe yaishe. Lakini jemadari angepitaje mbele ya adui baada ya hotuba ile? Nikakifunga kigari changu mabua juu na pembeni, nikabakiza tundu la kuchungulia, nikampakia mdogo wangu, tukashika njia ya mashamba kando ya mfereji.

"Dada, nawashwa."

"Washwa kimyakimya."

"Mabua yananiingia puani."

"Afadhali mabua puani kuliko miguu njiani."

"Mimi siku zote nilijua wewe utanizika, lakini sikujua utanizika nikiwa nimekaa."

"Fengzhi, nyamaza, wako pale!"

Kwa mbali, njia panda, niliwaona: wasichana wawili, mwavuli mmoja, vigoda viwili. Mmoja alikuwa amesimama wima na daftari. Nikapunguza mwendo, jambo ambalo kwa kigari kile ni sawa na kusimama. Tukapita. Nikatabasamu ndani ya mabua kama bwege. Na hatua mia mbili mbele, kwenye kivuko cha mfereji, gurudumu la nyuma likazama kwenye matope hadi katikati.

Nilisukuma. Nikaweka mabua chini ya gurudumu, nikasukuma tena, nikateleza, nikakaa ndani ya maji. Fengzhi alitaka kushuka anisaidie, nikamkataza kwa matusi. Tulipofika hospitali saa nne ilikuwa imepita na dakika kumi. Muuguzi alitazama mabua kichwani mwangu, akamlaza mdogo wangu; lakini saa saba kamili ikabidi wamchomoe, mwenye kitanda amefika. Jioni miguu ya Fengzhi ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki linakutazama.

Nami jioni ileile nilikaa mlangoni kwa Changgui nikipokea pongezi. "Hawakupata hata kimoja cha kwetu!" nilisema. Nilikula maandazi ya mvuke matatu. Nayakumbuka yote matatu.

Wiki tatu zikapita, lori halikuja. Nikajiona kama mama yangu. Kisha Dekui akarudi kutoka kikao cha wilaya na karatasi mkononi, akatuita. Safari hii akasoma mwenyewe.

"Rasimu ya mpango wa vigari vya umeme. Kwa kuwa hesabu ya siku nzima ilionyesha vigari viwili tu, vyote vya wapita njia kutoka vijiji vingine, barabara ya Miaojia hadi Huaishu haitatengewa njia ya pembeni. Barabara itapanuliwa kwa ajili ya malori. Kuanzia tarehe mosi Januari, vigari vya mwendo wa polepole haviruhusiwi kuipita."

Dekui akageukia tangazo la zamani, ambalo bado lilikuwa ubaoni limepauka kwa jua.

"Mama mkubwa, mbona hapa chini pameandikwa hivi? 'Hesabu hii ni ya kujua wapi patengwe njia salama kwa wazee. Hakuna kigari kitakachochukuliwa. Wananchi wanaombwa kupita kama kawaida.'"

"Kumbe salamu za serikali ndizo hizo!" akasema Changgui.

Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama viatu vyangu, navyo vilikuwa na aibu.

Fengzhi alikuwa ameegemea mlango wa ofisi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Januari. Basi, Dada, nitafutie mbawa."

Nawaambieni, usingizi haukunijia. Lakini msidhani nilitubu. Mtu mwenye kiburi akianguka kisimani, kwanza humlaumu fundi aliyekichimba. Dekui alisema maoni ya wananchi yangesikilizwa mjini Huaishu baada ya siku kumi, na kabla hajamaliza kusema mimi nilikuwa na maoni.

"Wale wasichana walilala," nikasema. "Tutasema hivyo. Walikaa chini ya mwavuli wakasinzia, vigari vikapita."

"Shemeji, uliwaona wamelala?" akauliza Changgui.

"Wewe uliwaona wako macho?"

Ikakubaliwa. Naona haya kuandika jinsi ilivyokubaliwa upesi.

Siku ya kikao nilivaa koti langu la mahameli la zambarau. Ukumbi ulijaa watu wa vijiji kumi na kimoja. Mbele alikaa mkuu wa ofisi ya mipango, bwana mmoja mnene aitwaye Lü, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa yule msichana wa njia panda, mwenye daftari. Kibao chake kilisema Tan Yue. Pua yake ilikuwa bado inabanduka ngozi kwa lile jua.

Zamu yetu ilipofika nikasimama. "Mkuu," nikasema, "sisi Miaojia tuna vigari karibu hamsini. Hesabu inasema viwili. Waliohesabu walilala."

Bwana Lü hakunijibu mimi. Alimgeukia yule binti, mbele ya ukumbi mzima.

"Nilikuambia nini siku ya kwanza ya kazi? Nilikuambia mpango wote unakaa juu ya hesabu! Wilaya nzima inanicheka kwa sababu yako. Bado uko kwenye majaribio, unajua? Basi majaribio yamekwisha."

Binti akasimama. "Mkuu, sikulala. Hata chooni sikwenda. Niliandika nilichokiona."

"Bibi huyu anasema vigari hamsini!"

"Niliandika nilichokiona."

Nikakaa. Kwa mbali nilisikia Dekui akinong'ona kwamba mambo yanakwenda vizuri, hesabu itarudiwa. Na kweli yalikuwa yanakwenda vizuri. Nilikuwa nimebakiza kunyamaza tu.

Fengzhi akanifinya paja. Ana vidole vyembamba siku hizi, vinaingia kama sindano.

"Dada. Sema."

"Nikisema, tunakosa barabara," nikamnong'oneza. "Watatuona waongo, watafunga faili."

"Anayekwenda kwenye mashine ni nani, wewe au mimi?"

"Wewe."

"Basi barabara ni yangu, nami sitaki kuipita juu ya mgongo wa mtoto wa watu. Simama kabla sijakuaibisha mwenyewe."

Nikasimama. Koti la mahameli lilikuwa limekuwa zito kama godoro lililonyeshewa.

"Mkuu, huyu binti hakulala. Vigari vilikuwa arobaini na saba, na mimi ndiye niliyevificha."

"Umevificha?" Bwana Lü akanikodolea macho. "Kwa nini?"

"Nilidhani mnakuja kuvichukua. Zamani walihesabu masufuria yetu." Hapo wazee kama kumi ukumbini wakaguna, wakanipa nguvu. "Tangazo lenu nililisoma nusu. Nusu ya pili sikuiona, nikasema ni salamu."

Ukumbi ukaanza kucheka, kwanza nyuma, kisha ukaja mbele kama mvua inayovuka shamba. Nami nikaona kama nimeshakufa, basi afadhali nizikwe vizuri. Nikavitaja vyote. Kumi na viwili chini ya mabua. Vitano chini ya turubai la harusi. Cha zizini na nguruwe wake. Nilipofika kwenye shuka nyeupe na shada la maua, Changgui akasimama akainama kama bwana harusi, mwanamke mmoja wa kijiji cha pili akaangusha kikombe chake cha chai.

Bwana Lü peke yake hakucheka. "Bibi, kwanza ulisema walilala, sasa unasema ulivificha. Nikuamini mara ipi?"

Swali la haki. Aliyejibu ni Tan Yue, ambaye alikuwa anafunua daftari lake ukurasa mmoja mmoja, taratibu.

"Bibi, siku ile kulikuwa na lundo la mabua lililokuwa likitembea kando ya mfereji..."

"Ndilo mimi."

"Niliogopa kuliripoti, Mkuu. Lakini niliandika." Akasoma: "Saa mbili na dakika ishirini na tano. Lundo la mabua. Linaelekea mashariki. Linagombana."

Sasa Bwana Lü alijitahidi, haki ya Mungu, nilimwona akijitahidi. Alishika meza. Kisha tumbo lake likamshinda, akacheka hadi akavua miwani.

"Aliyeandika hivyo hakulala," alisema alipopata pumzi. Akamwashiria binti akae. Hakumwomba radhi, wakubwa hawana dawa hiyo, lakini alimsogezea kikombe chake mwenyewe cha chai. "Miaojia itahesabiwa tena, siku saba mfululizo. Na wewe Bibi, safari hii tafadhali usitusaidie."

Lakini nilisaidia. Nilimpelekea Tan Yue kigoda chenye mgongo na chapati ya kitunguu, nikakaa naye njia panda, maana watu wetu nawajua. Siku ya kwanza vilipita vigari thelathini kabla ya saa nne. Siku ya pili Changgui akapita na kofia ya manyoya, akapita tena na kofia ya majani, akapita mara ya tatu amefunga kitambaa cha mkewe.

"Yule ni Changgui," nikamwambia binti. "Ameshakwenda na kurudi sokoni bila kununua hata kitunguu. Mfute."

"Shemeji!" akapiga kelele akiwa ndani ya kigari. "Uko upande wa nani?"

"Upande wa hesabu!"

"Tangu lini?"

Tan Yue alicheka, kisha akaniuliza polepole, "Bibi, wewe unapita saa ngapi na mgonjwa wako?" Nikamwambia: siku tatu kwa wiki, saa mbili na robo. Akaandika. Hakuandika namba tu. Aliandika "hospitali," akapiga mstari chini yake.

Mpango ulipotoka, ulikuwa na mstari wa kijani, njia ya vigari, na kabla ya Januari ukachorwa barabarani. Unaanza njia panda yetu, unakwenda kando ya barabara hadi daraja la Huaishu; pale malori ni mengi, kwa hiyo vigari vinazungushwa nyuma ya ghala la baridi la vitunguu saumu hadi lango la hospitali. Safari imeongezeka dakika kumi. Nilitaka kwenda kulalamika kuhusu hizo dakika kumi. Dekui alinipigia magoti. Kila dereva aliambiwa akasomee sheria za barabara kwa siku mbili. Nilikwenda nikikusudia kumsaidia mwalimu. Mwalimu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alinisahihisha mara kumi na nne. Wengine wananiambia ni kumi na sita.

Jumatatu ya kwanza ya Januari theluji nyembamba ilikuwa imeanguka. Malori yalitupita kushoto yakinguruma, nasi tuko pembeni kwetu, kwenye kijani, na mbele na nyuma yetu vigari vya watu waendao sokoni, mwendo wa bata. Fengzhi alikuwa amejifunga blanketi hadi kidevuni.

Tulifika saa tatu kasoro dakika tano. Muuguzi alimtazama, akanitazama mimi, akageukia wenzake: "Ndiye yule wa mabua." Chumba kizima cha wagonjwa kikainua vichwa kwenye mito. Nikawapungia mkono, ningefanya nini? Fengzhi alilazwa, akapata saa zake nne zote, hazikupungua hata dakika.

Wakati wa kurudi nilimweleza jinsi mstari ule ulivyopatikana: jinsi nilivyosimama ukumbini, jinsi Bwana Lü alivyonisikiliza, jinsi wilaya nzima sasa inapita salama kwa sababu ya ulimi wa mwanamke wa darasa la tano. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilikuwa nimefika kwenye shada la maua alipofumbua jicho moja.

"Dada."

"Nakusikia."

"Mstari uko kulia kwako. Tumo katikati ya barabara."

Nyuma yetu lori likapiga honi ndefu. Nikarudi kwenye kijani, nikanyamaza hadi nyumbani.